Usiachilie mzigo kabla pesa haijaingia

Kijana wa Pumwani, ukimtengenezea muuza mitumba wa Gikomba programu ya mauzo kwa JavaScript, chunga hapa.

Tuseme klasi mama, Malipo, ina methodi lipa(). Kwa keshi, jibu ni papo hapo: ndiyo au la. Kisha klasi mtoto ya M-Pesa inaiandika upya kwa 'async', maana lazima mteja aweke PIN kwanza. Sasa lipa() hairudishi jibu, inarudisha ahadi ya jibu. Na JavaScript huhesabu ahadi yoyote kuwa "ndiyo"! Ukiandika if (lipa()), mzigo unatoka hata mteja akighairi.

Dawa? Ifanye lipa() ya klasi mama iwe 'async' pia, ili zote zijibu kwa njia moja, na kila unapoiita weka 'await'.

Halafu kumbuka Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hujibu mara mbili. Kwanza husema ombi limepokelewa. Matokeo huja baadaye: 0 amelipa, 1032 ameghairi. Ahadi yako itimie kwa jibu hili la pili tu. La sivyo, hasara ni ya muuzaji, na jina litakaloharibika sokoni ni lako.