Kikomo cha pango Marekani hakitazami mfuko wa mpangaji

MTU akisikia kuwa Serikali ya Marekani imeweka kikomo cha pango katika nyumba za wenye kipato cha chini, haraka atadhani kila mpangaji hulipa kadiri ya mshahara wake. Katika nyumba nyingi sivyo.

Mpango mkubwa zaidi wa kujenga nyumba hizo ulitokana na sheria ya kodi ya mwaka 1986. Mwekezaji hapewi fedha taslimu, bali hupunguziwa kodi ya mapato kwa miaka 10, na nyumba hufungwa na masharti ya pango kwa muda mrefu zaidi ya huo.

Hesabu huanzia kwenye kipato cha kati cha eneo, yaani kile ambacho nusu ya familia ziko juu yake na nusu chini yake. Tuseme ni dola 100,000 kwa mwaka kwa familia ya watu 4. Asilimia 60 yake ni dola 60,000. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala huhesabiwa kuwa ya watu 3 (mtu mmoja na nusu kwa chumba!), hivyo kiwango hushuka hadi dola 54,000. Asilimia 30 ya hizo, ukigawa kwa miezi 12, ni dola 1,350. Kama mpangaji anajilipia umeme na maji, na makadirio yake ni dola 150, mwenye nyumba hawezi kudai zaidi ya dola 1,200.

Katika hesabu yote hiyo, mshahara wa mpangaji haumo. Kibarua wa shamba mwenye dola 30,000 kwa mwaka anaweza kutozwa dola 1,200 zilezile, na akijumlisha umeme na maji, zaidi ya nusu ya kipato chake imekwisha. Wakihamia wenye mishahara minono, kipato cha kati hupanda na kikomo hupanda nacho. Ni kama muuza nyanya kutozwa ushuru kwa wastani wa mauzo ya soko zima.

Nyumba za umma ni tofauti: huko mpangaji kwa kawaida hulipa asilimia 30 ya kipato chake mwenyewe, baada ya makato fulani, na Serikali hufidia pengo. Wizara ya Kilimo nayo hukopesha wajenzi wa nyumba za vibarua wa mashambani, na ina ruzuku ya pango ya namna hiyo. Lakini ruzuku haitoshi nyumba zote. Asiyeipata hulipa pango lililopangwa, mavuno yawe mazuri au mabaya.