Kupunguza joto la kompyuta mpakato

Kupunguza joto la kompyuta mpakato kwa kurekebisha prosesa ni njia ya kuzuia kompyuta isipate joto kupita kiasi kwa kuiwekea prosesa yake kikomo cha kasi. Kazi hii hufanywa katika mipangilio ya mfumo endeshi, bila kufungua mashine wala kununua kifaa. Hufaa hasa katika maeneo yenye joto, kama tambarare za wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, ambako madarasa na ofisi nyingi hazina kiyoyozi.

Chanzo cha joto

Prosesa ina transista nyingi mno zinazowaka na kuzimika mara mabilioni kwa sekunde. Karibu umeme wote unaotumika hapo hugeuka kuwa joto. Kiasi cha umeme huo hutegemea masafa ya prosesa (kasi yake) na mraba wa volti. Kasi ikipungua, prosesa huweza pia kutumia volti ndogo zaidi. Kwa mfano, masafa yakipungua kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10, umeme wa transista huwa 0.8 × 0.9 × 0.9, yaani karibu asilimia 65 ya ule wa mwanzo. Kasi imepungua kwa moja ya tano tu, lakini joto limepungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Prosesa nyingi za kisasa hujiongezea kasi zenyewe kazi inapokuwa nzito. Intel ilianza kutumia mbinu yake iitwayo Turbo Boost mwaka 2008, na AMD nayo ina mbinu kama hiyo. Prosesa ya Intel Core i5-8265U ina kasi ya msingi ya gigahezi 1.6, lakini inaweza kupanda hadi 3.9. Nyongeza hiyo ndiyo huleta sehemu kubwa ya joto.

Mazingira

Feni ya kompyuta hupoza kwa kutumia hewa ya chumbani, hivyo haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa hiyo. Kompyuta inayofanya kazi vizuri Lushoto, juu ya milima ya Usambara, inaweza kulemewa ikiteremshwa hadi Mombo wilayani Korogwe, hasa kati ya Desemba na Machi. Vumbi la barabara za udongo nalo huziba matundu ya hewa.

Dalili

Feni huvuma muda wote, sehemu ya chini ya mashine huunguza mapaja, na kazi huwa nzito ghafla. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi; joto likizidi, kompyuta hujizima. Mwalimu anayeingiza alama za mitihani, au mwanachuo anayeandika ripoti, hupoteza kazi yote ambayo hajaihifadhi.

Jinsi ya kurekebisha

Katika Windows:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika powercfg.cpl, kisha bonyeza Enter.
2. Fungua mipangilio ya mpango wa umeme unaotumika, kisha mipangilio yake ya kina.
3. Tafuta usimamizi wa umeme wa prosesa, halafu kiwango cha juu cha prosesa.
4. Badili 100% iwe 99%, kwa betri na kwa chaja. Katika kompyuta nyingi hatua hii huzima ile nyongeza ya kasi.
5. Joto likiendelea, shuka kidogo kidogo hadi 80% au 70%, ukijaribu kila mara.

Baadhi ya kompyuta mpya huficha kipengele hiki. Hapo chagua hali ya kubana umeme katika mipangilio ya betri. Kompyuta za Mac zinazotumia macOS Monterey ya mwaka 2021 au matoleo ya baadaye nyingi zina hali ya aina hiyo. Katika Linux, programu ya cpupower huweka kikomo cha masafa.

Kushusha kiwango kupita kiasi hakufai, kwa kuwa kazi huchukua muda mrefu na mtumiaji huchoka kusubiri.

Mipaka ya njia hii

Kikomo cha kasi hupunguza joto linalozalishwa, lakini hakiondoi vumbi wala hakitengenezi feni iliyokufa. Katika kompyuta za mtumba, pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa mara nyingi imekauka, na fundi huibadilisha. Kabla ya kumwendea, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone kama kuna programu inayoitumikisha prosesa bila sababu. Weka kompyuta juu ya meza, si juu ya godoro au kitambaa, ili matundu yake yapumue.

Betri iliyovimba ni tatizo tofauti na ni hatari, kwani inaweza kushika moto. Zima kompyuta, chomoa chaja, usiitoboe betri, na umpelekee fundi.