Kima punju mmoja, watu mia moja

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Zanzibar na watu 1,303,569. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Waliozidi ni 586,204. Namba ya kuwekwa kando ya hiyo ni 5,862, jumla ya kima punju katika hesabu ya Unguja nzima iliyochapishwa mwaka 2019. Ukigawanya, unapata mia moja na mabaki yasiyofika mtu mmoja: kwa kila kima punju aliyepo, Visiwa vimeongeza watu mia moja ndani ya miaka kumi. Ni sadfa, na sensa inawahesabu Wapemba pia ilhali kima hawa ni wa Unguja. Hata hivyo sijaona namba inayoeleza hali ya msitu wa Jozani, Unguja, kwa ufupi kuliko hiyo.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina kilomita za mraba 50. Zanzibar yote ina kama 2,460, kwa hiyo hifadhi ni asilimia mbili ya nchi ambayo kila kilomita yake ya mraba inabeba watu 768. Wageni wengi huonyeshwa msitu wa bondeni, wenye maji karibu na miti mirefu, wakadhani ndio Jozani. Sehemu kubwa iliyobaki ni maweni: matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe la chokaa, makali kiasi cha kukata kiatu, udongo umejificha kwenye nyufa, na mvua ikinyesha inapenya chini bila kuacha mto. Miti yake ni mifupi na inakua polepole.

Ubovu huo wa ardhi ndio uliokuwa mlinzi wake. Maweni hayalimwi kila mwaka. Wenyeji hufyeka, huchoma, hupanda misimu michache, kisha huyaacha yapumzike. Jembe halikuwa na haraka nayo. Nyumba lakini haihitaji udongo, na hoteli ndiyo haihitaji kabisa. Ardhi iliyochosha jembe inakubali msingi wa zege vizuri sana, na jiwe lenyewe linavunjwa kuwa kokoto au kuchomwa chokaa. Watu wakiongezeka kwa asilimia 3.7 kwa mwaka, kama ilivyokuwa kati ya sensa hizo mbili, watakuwa mara mbili katika miaka 19 hivi. Wote watataka kuta, na wengi wao bado watapikia makaa. Mchoma makaa hukata miti michanga anayoifikia, na akirudi kabla machipukizi hayajakomaa, kichaka hakirudi tena kuwa msitu.

Hesabu ya 2019 ilipokelewa kwa furaha, na kwa haki, kwani makadirio ya nyuma yalikuwa kati ya kima 1,000 na 3,000. Lakini hao 5,862 walikuwa wanahesabiwa vizuri zaidi, si kwamba walikuwa wamezaana ghafla. Na kuna misitu minne iliyojulikana zamani kuwa na kima punju ambayo safari hii haikuwa na hata mmoja. Kiasi cha asilimia 69 wanaishi ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa. Waliobaki, kama 1,800, wako kwenye vichaka, mikoko na mashamba ya watu. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, na hupita miaka miwili au zaidi kabla ya mwingine. Kwa mnyama wa aina hiyo, hasara ndogo inayojirudia ni hasara kubwa.

Tazama barabara. Njia ya kutoka mjini kwenda pwani ya Paje na Jambiani inapita katikati ya Jozani. Ilipokuwa haina matuta, kima mmoja aliripotiwa kugongwa na kufa kila wiki mbili au tatu, yaani 17 hadi 26 kwa mwaka. Yakajengwa matuta manne, vifo vikashuka hadi mmoja kwa wiki sita hivi, yaani wanane au tisa. Nusu au zaidi ya vifo imeondolewa na vilima vinne vya lami ambavyo madereva wa daladala huvilaani kila siku. Ikiwa tofauti hiyo imedumu miaka ishirini, waliopona ni kati ya 180 na 340. Kundi la wastani lina kima 17, basi hao ni makundi kumi hadi ishirini. Sijui mradi mwingine wa uhifadhi Unguja uliotoa faida kama hiyo kwa bei ya kifusi. Tena hao wanaohesabiwa ni walioonekana. Aliyejikokota hadi kichakani akafia huko hayumo kitabuni.

Kuna hasara nyingine ambayo kumbe haikuwapo. Wakulima wa jirani wamelalamika miaka mingi kwamba kima wanakula nazi. Watafiti wawili, Siex na Struhsaker, walikwenda kuhesabu, na mwaka 1999 wakatoa jibu: kima hula vidaka, na mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi kabla havijawa dafu. Minazi iliyoliwa sana haikuwa na mavuno haba. Kwa hesabu yao mavuno yaliweza hata kupanda kwa asilimia 2.8. Mkulima aliyeona kidaka kikidondoka mbele ya macho yake hatalipokea jibu hilo kwa urahisi, na simlaumu.

Jirani wa kima, paa nunga, hana bahati ya kupigwa picha. Anatembea chini, ana nyama tamu, na anawindwa kwa mbwa na nyavu. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalimweka kwenye 5,000 Unguja. Mwaka 1999 yalikuwa yameshuka hadi mia sita hivi. Hana tiketi anayouza, ndiyo maana hana watetezi wengi.

Maana tiketi ndiyo inayolipa. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii 736,755. Chukulia mmoja kati ya kumi anaingia Jozani, na kiingilio ni dola 10. Namba hizi mbili ni za mfano tu, nimezichagua kwa wepesi wa kuzidisha. Zinapatikana kama dola 736,750, au dola 147 kwa kila hekta ya hifadhi kwa mwaka, kabla ya mishahara, doria, sehemu ya Serikali na ile inayogawiwa vijiji. Kwa maweni yasiyolimika kila mwaka, si haba. Hekta ya jirani, nje ya mpaka, yenye kima wale wale, inapata sifuri. Mwenye hekta hiyo, akijiwa na mtu wa kununua kiwanja, atalinganisha bei yake na sifuri hiyo, si na 147.

Kwa hiyo fedha zinapaswa kumfuata kima, si lango. Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanatakiwa kukata bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Ikiongezwa dola moja kwa kila mgeni, kwa idadi ya mwaka ule, inaingia 736,755, ambayo ni zaidi ya dola 400 kwa mwaka kwa kila kima wa wale 1,800 wanaoishi nje. Inaweza kulipwa kwa shehia kulingana na makundi yanayokutwa kwenye ardhi yake. Kazi ya kuyatafuta na kuyahesabu imeshafanywa mara moja.