Lumbesa: Kosa la wengi, faini ya mnyonge

KILA msimu wa vitunguu, magari huingia mkoani Singida kupakia mzigo wa kupeleka Dar es Salaam na nchi jirani. Soko la Misuna, mjini Singida, hujaa magunia, na mengi huwa yameshonewa kilemba juu. Hiyo ndiyo lumbesa.

Kisheria jambo halina utata. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Swali ni nani anayebeba adhabu.

Lumbesa huanzia shambani. Mnunuzi huja na magunia yake, kamba yake na wafungaji wake. Mkulima anayedaiwa pembejeo na kuogopa vitunguu kuoza hana ubavu wa kukataa. Lakini ukaguzi hufanyika zaidi barabarani na sokoni, na anayeulizwa ni yule aliyekutwa na mzigo. Mara nyingi huyo ni mchuuzi mdogo au mkulima aliyejitahidi kusafirisha mwenyewe. Tajiri aliyeagiza ufungaji ule yuko mbali, na akitozwa faini huirudisha kwa mkulima kwa kushusha bei.

Hasara yake si ndogo. Tuchukue mfano wa gunia la kilo 140 linalonunuliwa Sh80,000. Mkulima amepata Sh571 kwa kilo badala ya Sh800. Kilo 40 za juu, zenye thamani ya Sh32,000, zimekwenda bure. Kwa magunia 50 amepoteza Sh1,600,000.

Si hilo tu. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia kumi ya kilo 100 ni tani moja kamili, hivyo yanaingia katika msamaha huo. Kumi ya lumbesa ni tani 1.4, na msamaha umepotea. Halmashauri nayo, inapotoza kwa kuhesabu magunia, inakosa mapato ya kilo zilizofichwa kwenye kilemba.

Kukamata kunahitajika, ila kukamata mwisho wa safari pekee hakumfikii aliyeanzisha kosa. Dawa ni mizani kijijini, kwenye ghala au kituo cha kuuzia, ili bei ipatanwe kwa kilo. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi huhamia shamba la jirani. Kijiji kizima kikikataa kwa pamoja, hana pa kwenda.

Kwa anayekamatwa, ni vyema aulize kosa lake ni lipi na mzigo upimwe akiona. Akitozwa faini, adai risiti ya Serikali. Faini isiyo na risiti haimkomeshi yeyote, bali huwa ni gharama nyingine ya biashara, na anayeilipa mwishowe ni mkulima.