Kaboni Moja, Tabia Mbalimbali

Jioni inapoingia Madungu, mjini Chake Chake, mpishi hutia makaa katika seredani, huyawasha na kuyapepea. Yanapokolea moto, juu yake huonekana ndimi nyembamba za rangi ya samawati. Moto huo una mafunzo makubwa ya kemia.

Hewa iingiayo kwa chini huungana na kaboni ya makaa na kufanya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo hupanda, na ipitapo baina ya makaa yenye joto la digrii 700 za Sentigredi na zaidi, huchukua kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksaidi:

C + CO₂ → 2CO

Hivyo kaboni iliyokuwa yabisi imegeuzwa gesi. Gesi hiyo ndiyo iwakayo kwa rangi ya samawati. Nayo pia ndiyo sumu isiyo rangi wala harufu, iwezayo kumuua mtu aliyelala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa.

Mmenyuko huu hauendi kwa kasi moja katika makaa yote. Vipande viwili vyaweza kuwa na kaboni kiasi kile kile, kimoja kikageuka gesi upesi na kingine kikachelewa. Sababu kubwa ni namna atomu zilivyopangika.

Katika grafati, madini yapatikanayo Mahenge, mkoani Morogoro, atomu zimeungana katika pembe sita mfano wa sega la asali, zikafanya matabaka mapana yaliyolaliana. Atomu iliyo katikati ya tabaka imeshikwa na wenzake watatu. Ile ya ukingoni imepungukiwa, na kwa hivyo oksijeni huiwahi kwanza. Ni kama mkeka: aghalabu hufumuka kuanzia ukingoni, si katikati. Ndiyo maana grafati hutengenezewa vyungu vya kuyeyushia metali.

Makaa ya miti, na masalia ya makaa ya mawe yaliyookwa pasipo hewa, yana vijitabaka vidogo vilivyokaa shaghalabaghala. Kingo zake ni nyingi, na nafasi za mmenyuko pia ni nyingi. Lakini yakiokwa kwa joto kali zaidi na kwa muda mrefu zaidi, haidrojeni na oksijeni zilizosalia hutoka, vijitabaka hukua na kujipanga, na kingo hupungua. Kwa hivyo makaa yaliyookwa kwa digrii 1,200 huwa mazito kugeuka gesi kuliko yale yale yaliyookwa kwa digrii 700.

Mambo mengine mawili husaidia. Vinyweleo huipatia gesi njia ya kuingia ndani, na potasiamu na kalsiamu zilizomo katika majivu huwa vichocheo. Makaa yakioshwa kwa asidi hadi madini hayo yakatoka, aghalabu kasi hupungua.

Je, kila kaboni ikipashwa moto sana huwa grafati? Mwanasayansi wa Kiingereza Rosalind Franklin, aliyekuwa amechunguza makaa ya mawe tangu 1942, alitoa jibu mwaka 1951. Kwa kutumia eksirei alionyesha kuwa kaboni ziko za namna mbili: zile ambazo matabaka yake hujipanga yakawa grafati, na zile zisizokubali hata kwa digrii 3,000, kwa kuwa vijitabaka vyake vimefungamana kwa viungo imara vya kukingamana.

Kifuu cha nazi ni katika kundi la pili. Hakilainiki kinapookwa, na makaa yake hubaki magumu yenye vinyweleo vidogo mno. Yakipitishiwa mvuke wa maji kwa joto kali, sehemu ya kaboni hugeuka gesi na vinyweleo huongezeka:

C + H₂O → CO + H₂

Kinachosalia huweza kunasa harufu na uchafu katika maji. Katika Vita Kuu ya Kwanza makaa ya vifuu yalitiwa katika barakoa za kukinga askari na gesi za sumu.

Basi kifuu kitupwacho baada ya nazi kukunwa si takataka tu. Mwanafunzi apimaye makaa, yawe ya vifuu vya Pemba au ya mawe ya Ngaka na Kiwira, asiridhike kuuliza yana kaboni kiasi gani. Aulize pia kaboni hiyo imepangikaje, na imeokwa kwa joto gani.