Usaili wa Kazi Chuoni na Lugha ya Mwombaji: Mfano wa Kisangani na Ubundu

Katika Kiswahili sanifu cha Tanzania, mazungumzo ambayo mwajiri hufanya na mwombaji kazi huitwa usaili. Neno hili linatokana na kitenzi saili, chenye asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno swali. Nchini Kenya aghalabu husemwa mahojiano, ingawa neno hilo hutumika pia kwa mwandishi wa habari anayemhoji waziri na kwa askari polisi anayemhoji mtuhumiwa. Mjini Kisangani maneno yote mawili hayasikiki sana. Wanachuo husema kwa Kifaransa entretien, au husema teste hata pale ambapo hakuna karatasi wala kalamu. Tofauti hii si ya msamiati tu. Anayedhani kwamba anakwenda kufanya mtihani hujiandaa kukariri. Anayejua kwamba anakwenda kusailiwa hujiandaa kujieleza. Makala haya yanakusudia kueleza namna mwanachuo wa Kisangani, hasa yule atokaye Ubundu, anavyoweza kushiriki katika usaili unaofanyika chuoni, na kuonyesha kwamba Kiswahili chake ni sehemu ya sifa anazopaswa kuzitaja mbele ya mwajiri.

Yafaa kwanza kubainisha usaili wa chuoni ni upi. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ya Tanzania iliwaita waombaji zaidi ya 10,000 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kugombea nafasi 70. Umati ule uliketi katika viti vya watazamaji wa kandanda. Usaili wa chuoni ni kinyume chake: mwajiri huwafuata watu wachache wa fani anayoihitaji, mahali wanaposoma, na mara nyingi kabla hawajatawanyika kurudi makwao. Hata hivyo, jengo la chuo peke yake halifanyi usaili uwe wa chuoni. Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania imekuwa ikitumia majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma kuwasaili waombaji kutoka nchi nzima. Hapo chuo ni ukumbi tu. Linalohesabiwa ni kwamba mwajiri amekuja kwa ajili ya wanachuo wenyewe.

Chuo Kikuu cha Kisangani kilianzishwa mwaka 1963 kwa jina la Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971, kikapata tena utawala wake mwaka 1981. Mji huu hauna viwanda vingi, na anayengojea kampuni kubwa zije kuchagua watu kama zifanyavyo Nairobi atangoja sana. Wanaotafuta watu hapa ni watafiti wa misitu na kilimo, miradi ya afya, mashirika ya misaada, shule, benki na kampuni za simu. Baadhi yao huhitaji watu kwa majuma machache tu: wa kuhesabu miti, kujaza hojaji vijijini, au kusimamia ugawaji wa vyandarua. Wanachuo huzidharau kazi hizo fupi, na hilo ni kosa, kwa maana mwajiri anayerudi mwaka ujao huanza kwa kuwatafuta aliowajua.

Kwa kawaida mwajiri huuandikia uongozi wa chuo au wa kitivo, na tangazo hubandikwa kwenye ubao ambao wenyeji wa chuo huuita valve. Siku hizi tangazo hilo hupigwa picha na kusambazwa kwa simu, lakini picha hukatwa pembeni, na mara nyingi kinachokatwa ndicho tarehe ya mwisho au orodha ya hati. Ni heri kwenda kulisoma kwa macho. Kisha waombaji huweka dosie, baadhi huchujwa, waliobaki hupewa jaribio la kuandika, na wachache huitwa mbele ya jopo. Ikiwa katika hatua yoyote mtu atadai fedha za fomu, za usajili au za "kusukuma dosie", mwombaji ana sababu ya kutosha ya kwenda kuuliza ofisi ya kitivo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hamtozi mfanyakazi ada. Mwajiri halali hana haja nayo.

Kwa mwanachuo wa Ubundu taabu ya kwanza ni njia. Mji huo, ulioitwa Ponthierville wakati wa ukoloni, uko mwanzoni mwa maporomoko saba ya Boyoma, na Kisangani iko mwishoni mwake. Kwa sababu mto haupitiki baina yao, Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kati ya miaka 1903 na 1906. Leo safari baina ya miji hiyo haipimwi kwa saa, bali kwa hali ya barabara na kwa subira ya msafiri. Tangazo likitoka Jumatatu na jopo likaketi Ijumaa, aliyekwenda nyumbani kumwona mgonjwa hatawahi. Kwa hiyo inafaa nakala za shahada, za alama na za kitambulisho zikae Kisangani, kwa shangazi au kwa mwenzake wa darasa, pamoja na barua ya maombi ambayo haijatiwa tarehe.

Katika dosie hiyo kuna neno moja linalohitaji kufafanuliwa, nalo ni licence. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, licence ilipatikana baada ya miaka mitano: mitatu ya graduat na miwili ya kuongeza. Katika mfumo mpya wa LMD, ulioenezwa katika vyuo vya nchi tangu mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni ya miaka mitatu. Msaili aliyesoma Nairobi au Brussels huenda asijue tofauti hiyo, na mwombaji wa mfumo wa zamani akapunguziwa miaka miwili ya masomo kwa kalamu moja. Sentensi moja katika wasifu, inayotaja idadi ya miaka na mfumo, huondoa shaka. Vivyo hivyo kwa TFC na tasnifu. Tangazo linapodai "uzoefu", mwanachuo hushika kichwa na kusema hajawahi kuajiriwa. Lakini kama alikaa majuma matatu Ubundu akiwahoji wavuvi kwa ajili ya tasnifu yake, akaandaa maswali, akaomba idhini ya chifu na kuchambua majibu, huo ni uzoefu. Na auandike kwa idadi: watu wangapi, vijiji vingapi, siku ngapi, na kwa lugha gani.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Usaili wa Kisangani hufanyika kwa Kifaransa, lugha rasmi ya Jamhuri. Katiba ya 2006 inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba kuwa lugha za taifa. Kazi yenyewe, hata hivyo, hufanyika sokoni, zahanatini na msituni, ambako Kifaransa hakimfikishi mtu mbali. Katika wasifu wa wanachuo wengi mstari wa lugha husema: "Kifaransa: vizuri sana; Kiingereza: wastani." Kiswahili na Kilingala hazitajwi, au hutajwa mwishoni kana kwamba ni jambo la kuonea haya. Pengine ni mazoea ya shule, ambako mtoto aliyesema lugha ya nyumbani aliadhibiwa. Vyovyote iwavyo, mwombaji huyo amemficha mwajiri kile alichokuja kukitafuta.

Wilaya ya Ubundu ina Wakumu, Walengola, Wamituku na Wagenya, kila watu na lugha yao, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, pamoja na Kilingala kilichozidi kupanda. Kiswahili hicho kilifika na misafara ya biashara ya karne ya 19. Tippu Tip aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Kimekua mbali na pwani, kina sarufi yake, na husema batoto pale ambapo vitabu husema watoto. Mwanachuo akiulizwa kama anajua Kiswahili, hapaswi kujibu "ndiyo" peke yake. Na aseme anazungumza kile cha Kisangani na Ubundu, anasoma na kuandika kile sanifu kwa kiwango fulani, na anajua wapi vinaachana. Jibu hilo humwonyesha msaili mtu anayeijua kazi ya lugha.

Mara nyingine jopo hulijaribu jambo hilo papo hapo. Tuseme msaili anasoma swali la hojaji kwa Kifaransa: Combien de personnes vivent dans votre ménage? Kisha anamtaka mwombaji aliulize kama angeliuliza kijijini. Neno sanifu la ménage ni kaya, nalo limezoeleka Tanzania kwa sababu ya sensa. Ubundu halieleweki. Mwenye haraka atasema nyumba, na mama anayehojiwa atahesabu waliolala chini ya paa moja, na kuwaacha wanawe wakubwa wanaolala kibandani nyuma ya nyumba lakini wanakula kwake. Mwingine atasema jamaa, naye atahesabu hata mjomba aliyeko Kindu. Wataalamu wa sensa huihesabu kaya kwa chakula cha pamoja, hivyo swali linaloeleweka ni: "Ni watu wangapi wanaokula katika chungu kimoja nawe?" Katika kosa la tafsiri kama hili hesabu nzima ya vyandarua hupotea, na watoto hulala bila chandarua. Mwombaji anayeweza kulieleza hilo kwa jopo, kwa Kifaransa safi, ametoa hoja ambayo alama za mtihani haziwezi kuitoa.

Wala faida hiyo haiishii Tshopo. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019. Lakini Kiswahili kinachohitajika huko ni kile cha kuandika, ambacho wenyeji wengi wa Kisangani hawajajifunza rasmi. Kudai umahiri usiokuwapo ni hatari zaidi kuliko kunyamaza.

Kuhusu mwenendo mbele ya jopo, maneno machache yatosha. Adabu ya kwetu humfundisha kijana kuinamisha macho na kupunguza sauti mbele ya wakubwa. Msaili mgeni huweza kuifasiri kuwa ni kutojiamini. Haimlazimu mtu kuitupa adabu yake: asalimu, angoje kukaribishwa kuketi, kisha aseme kwa sauti inayofika mwisho wa meza. Jibu baya kuliko yote ni "nitafanya kazi yoyote". Kwao wanaolitoa ni unyenyekevu, lakini jopo husikia kwamba mtu huyu hakusoma tangazo. Mwanamke anaweza kuulizwa kama mumewe ameridhia. Ruhusa ya mume iliyodaiwa na Sheria ya Familia ya 1987 iliondolewa katika marekebisho ya 2016, naye anaweza kujibu kwa utulivu kwamba uamuzi wa kuomba kazi ni wake, kisha arudi kwenye mazungumzo ya kazi.

Mwishoni msaili huuliza kama mwombaji ana swali. Wengi husema hawana, na nafasi hupita bure. Yapo maswali mawili yenye manufaa: kazi itaanzia kijiji kipi, na matokeo yatatolewa lini na kwa njia gani. La pili ni muhimu zaidi kwa anayerudi Ubundu, ambako mtandao wa simu hukatika. Na aache namba mbili, yake na ya mtu aliyeko Kisangani ambaye simu yake haizimwi, na amwambie mtu huyo siku ile ile jina la mwajiri, ili akipigiwa asije akasema wamekosea namba.