Neno "Tuma"

Meza yangu ya kuchajia simu iko Base Camp, hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Watu huniachia simu asubuhi, na wasiojua kusoma huniomba niwasomee meseji. Mwaka jana mama mmoja wa kutoka Fizi, Kongo, alinipa yake, mkono ukimtetemeka. Kesi yako imepita, ilisema. Mahojiano ya Canada ni Ijumaa, Mbarara, High Street. Tuma shilingi 150,000 za kufungulia faili.

Nikamwambia, "Dada, hawa ni wezi." Hakunisikia. Aliuza mbuzi wawili, akatuma, Ijumaa akapanda taksi na watoto wanne waliooga vizuri. Jengo alilotajiwa lilikuwa duka la vitambaa. Alizunguka mji hadi saa kumi, akiwauliza askari wa milangoni.

Aliyetuma meseji ile hakumjua. Humwaga meseji kama hizo kwa maelfu ya namba, kwa gharama ndogo sana, na akijibu mmoja tu, amekula. Na hapa Nakivale, mahali panapopokea wakimbizi tangu 1958, ni nyumba ngapi hazina mtu anayengoja kuitwa aende ng'ambo? Ukirusha jiwe gizani, lazima limpate mtu.

Ujanja huu si wa jana. Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, mke na mume, walimwaga tangazo katika maelfu ya vikundi vya mazungumzo kwenye intaneti. Waliuza nini? Msaada wa kuingia bahati nasibu ya kadi ya kuishi Marekani, jambo ambalo mtu angeweza kujifanyia mwenyewe. Inaniuma kwamba takataka hizi zilianza kuvuma kwa kuuza ndoto ileile ya majirani zangu.

Mwaka 2002 Paul Graham, mtaalamu wa kompyuta, alieleza namna ya kuzichuja: programu ihesabu maneno yanayopatikana zaidi katika barua za uongo, kisha ipime kila barua mpya kwa hesabu hiyo. Nikajaribu kwa daftari. Nikaandika: kesi, mahojiano, Canada, haraka, Ijumaa, tuma. Baada ya miezi mitatu nikagundua daftari halichuji kitu, kwa sababu anayeitwa kweli naye huambiwa kesi, mahojiano, Canada. Maneno yote ya mwizi ameyaazima ofisini, isipokuwa moja. Huduma za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ni bure toka mwanzo hadi mtu anapopanda ndege. Hakuna hatua inayolipiwa. Nikayafuta mengine, nikabaki na "tuma", nikaliandika kwa herufi kubwa kwenye kibao cha meza. Chini yake nikaweka 0800 323 232, namba ya bure ya kuuliza na kulalamika. Mtu hupiga akiwa hapohapo, kabla hajagusa pesa.

Wiki iliyopita yule mama alileta meseji nyingine. Safari hii hakuniomba nisome. Aliweka kidole juu ya "tuma", akatazama kibao, akalinganisha herufi moja moja. Kisha akaifuta, akaniuliza: "Sasa ile ya kweli, ndugu yangu, itakuja lini?"